Masomo Matatu Yanayokutana Mlangoni mwa Bweni

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo, wazee wa kanisa na wanaharakati wa mageuzi)



Tumetakiwa tuzungumze juu ya masomo ya vyuo vyetu, na hasa masomo matatu: uchumi, ualimu na usimamizi wa maafa. Huenda baadhi yenu mnajiuliza masomo hayo yanahusiana vipi na harakati za mageuzi. Mtu akisikia uchumi huwazia michoro ubaoni na kazi ya benki. Akisikia ualimu huwazia chaki. Akisikia usimamizi wa maafa huwazia ving'ora na magari ya wazima moto. Kila somo lina idara yake, cheti chake na njia yake ya kutafutia riziki, na mhitimu wa hili hana haja ya kumjua mhitimu wa lile.

Sisi twasema kwamba masomo haya matatu ni somo moja lililogawanywa. Ni somo la namna taifa linavyowalinda watu wake kwa mali yao wenyewe. Taifa linaloyafundisha kana kwamba hayajuani, na kuyaacha yawe siri ya wachache wenye vyeti, hulipa kwa roho za watoto wake. Wala hatusemi kwa mafumbo. Tunajua mahali yanapokutana: mlangoni mwa bweni la shule, saa nane za usiku, moto ukiwaka.

HESABU TUNAYOIJUA

Machi 1998, katika shule ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, wasichana 26 walikufa motoni. Mwaka 1999 viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa na wanafunzi wenzao katika vyumba vyao vya kulala. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, bweni lilimwagiwa petroli na kuwashwa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na vyuma, na wavulana 67 wakateketea. Septemba 2017, katika shule ya Moi Girls jijini Nairobi, walikufa wasichana 10. Septemba 2024, katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, walikufa watoto wa kiume 21 katika bweni lililolaza watoto zaidi ya 150.

Ndugu zetu, katika orodha hiyo tunaomba mzitazame tarehe. Tangu Bombolulu hadi Endarasha ni zaidi ya miaka 26. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa Bombolulu amekwisha kusoma, amehitimu, na pengine sasa ni mwalimu wa zamu katika shule ya bweni. Katika muda huo wote, maarifa yalikosekana?

Hayakukosekana. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilichapisha mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na mwongozo huo unaeleza waziwazi bweni liwe vipi. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Njia ya kupitia isipungue mita 2. Milango iwe na upana wa futi 5, mmoja kila upande, na mwingine wa dharura katikati. Ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma.

Kila kipimo hapo kina sababu yake. Umati wa watoto wenye hofu husukuma mbele, haurudi nyuma, na kwa hiyo mlango unaofunguka kwa ndani hugeuka ukuta, kwa kuwa waliotangulia hawapati nafasi ya kuuvuta. Mita 1.2 ni nafasi ya watoto kupishana gizani bila kukwaana. Tena mara nyingi moshi huua kabla ya mwali kufika. Godoro la sponji likiungua hutoa hewa ya sumu, na aliyelala aweza kupoteza fahamu asijue kilichotokea. Kwa hiyo dakika moja ya kutafuta ufunguo ni ndefu mno.

Maarifa yalikuwepo miaka 9 kabla ya Moi Girls, na miaka 16 kabla ya Endarasha. Kisha, Novemba 2024, baada ya ukaguzi uliofuata msiba wa Endarasha, Wizara ilitangaza kufunga mabweni ya shule za msingi 348 kwa kuwa hayakutimiza viwango. Tunauliza: mabweni ya shule hizo 348 yalijengwa usiku mmoja? Wazazi waliyaona siku za kuwatembelea watoto. Wajumbe wa bodi walipita mbele yake. Wahubiri waliingia kuombea mitihani. Macho yalikuwapo, ila jicho lisilofundishwa huona ukuta, kitanda na dirisha tu. Haliuoni mlango unaofunguka kwa ndani.

SOMO LA UCHUMI

Somo la kwanza la uchumi, kabla ya michoro yote, ni kwamba shilingi haitumiki mara mbili. Ukiinunulia shule basi jipya, fedha hizo hazitaezeka bweni. Wanauchumi huita hali hiyo gharama ya fursa, nayo mama yeyote mwenye kibanda sokoni huijua kabla ya kuingia darasani. Tofauti iliyopo ni kwamba yeye huamua juu ya shilingi yake mwenyewe, na akikosea huumia yeye. Katika mali ya umma anayeamua ni mmoja na anayeumia ni mwingine.

Tazameni vyuma vya madirisha. Kwa nini viliwekwa? Bodi ziliogopa wezi wa magodoro, na ziliogopa wanafunzi wanaotoroka usiku. Hofu hizo ni za kweli, tena hutokea kila muhula. Moto huenda usitokee kwa miaka 20. Basi hasara ndogo inayoonekana kila mara ikapewa uzito kuliko hasara kubwa ambayo haijaonekana bado. Mwanauchumi mwenye akili timamu angepiga hesabu nyingine. Godoro likiibwa hununuliwa jingine. Mwanafunzi akitoroka hutafutwa na kurudishwa. Moto uliowafungia watoto hauna marejesho.

Jambo la pili ni vitanda. Kila kitanda kinachoongezwa bwenini huleta karo, na karo hiyo huandikwa katika vitabu vya hesabu. Hatari inayoongezeka pamoja na kitanda hicho haiandikwi popote. Faida huingia leo mikononi mwa wenye shule, na gharama hubebwa na mtoto anayelala katikati, mbali na milango yote. Vyuoni jambo hili lina sura yake katika vitabu: gharama inayomwangukia mtu ambaye hakuketi mezani wakati wa kupatana bei. Basi mwanafunzi wa uchumi anayeweza kuieleza kwa mfano wa moshi wa kiwanda cha Ulaya, asiweze kuieleza kwa mfano wa kitanda cha tatu katika bweni la kwao, amefundishwa nusu.

Jambo la tatu ni siasa. Jengo jipya huzinduliwa kwa utepe, nyimbo na hotuba. Ni nani miongoni mwetu amewahi kualikwa kwenye sherehe ya kuzindua dirisha lililoondolewa vyuma? Kinga haina picha gazetini, kwa kuwa ikifaulu hakuna linalotokea. Kwa sababu hiyo haina mtetezi, isipokuwa wananchi wenyewe wajifunze kuidai.

Wala tusidanganywe kwamba uchumi ni elimu isiyo na upande. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo zitangulie kuwekwa mahali zitakapozaa zaidi. Lilisikika kuwa jambo la busara. Maana yake ikawa kwamba palipokuwa na mvua, reli na barabara ndipo palipoongezewa, na nyanda kavu za Kaskazini zikaambiwa zingoje. Ilichukua miaka 45, hadi Katiba ya mwaka 2010, kuundwa kwa Hazina ya Usawazishaji ili maeneo yaliyoachwa nyuma yaanze kufidiwa. Uamuzi ule ulifanywa na watu waliosoma uchumi vizuri. Hawakuwa na mtu wa kuwauliza maswali.

SOMO LA UALIMU

Tuje kwa ndugu zetu walimu, ambao tunawaheshimu mno, kwa maana mzigo wa nchi hii umewekwa mabegani mwao mara nyingi bila kuulizwa. Mwaka 1988 serikali ilishika sera ya kugawana gharama, na mzazi akaongezewa mzigo wa kugharimia shule. Mwaka 1998 uajiri wa walimu wapya ulisimamishwa. Januari 2003 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bila malipo, na watoto shuleni wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Lilikuwa jambo jema, nasi tulilishangilia. Ila mwalimu ndiye aliyekuta watoto 80 mahali pa 40, kwa mshahara uleule na ubao uleule.

Katika chuo cha ualimu mwanafunzi hufundishwa maazimio ya kazi na andalio la somo. Hufundishwa saikolojia ya mtoto na mbinu za kufundisha. Hupelekwa shuleni kwa mazoezi, na mtahini huketi nyuma ya darasa na kumpima: sauti yake, mwandiko wake, maswali yake kwa wanafunzi. Yote hayo ni mema. Nasi tunauliza: je, mtahini huyo humwuliza mlango wa darasa hili unafunguka upande gani? Humwuliza watoto hawa wakitoka ghafla watakusanyika wapi, na ni nani atakayewahesabu? Humtaka aonyeshe namna mtungi wa kuzimia moto unavyoshikwa, pini ikang'olewa na mdomo wa mpira ukaelekezwa kwenye shina la moto?

Maswali haya si mapambo. Siku moja baada ya moto wa Endarasha, serikali ilisema kwamba watoto wapatao 70 hawakujulikana walipo. Wengi wao walipatikana baadaye wakiwa hai, kwa kuwa wazazi na majirani walikuwa wamewachukua usiku ule kwenda nao nyumbani. Fikirini saa zile mzazi alizokaa langoni bila kujua mtoto wake yumo katika hesabu ipi. Rejista ya bweni iliyo mkononi, mahali pamoja pa kukusanyikia panapojulikana na wote, na mwalimu mmoja mwenye jukumu la kuita majina na kuandika ni nani amemchukua nani: hivyo ni vitu vya bei ya daftari na kalamu. Lakini havitokei usiku wa msiba kama havikufanyiwa mazoezi mchana wa amani.

Kuna sehemu nyingine ya ualimu iliyo kubwa kuliko mtungi. Moto wa Kyanguli na ule wa Nyeri iliwashwa na wanafunzi, na mingi mingine iliyoteketeza mabweni bila kuua, hasa katika wimbi la mwaka 2016, ilikuwa vivyo hivyo. Hatuwatetei waliofanya hivyo. Lakini bweni haliungui kwa petroli tu. Huanza na malalamiko ya chakula, ya mtihani, ya adhabu, ya kiranja mwonevu, yasiyopata sikio. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wasichana 19 walikufa baada ya wavulana wa shule hiyohiyo kuwavamia bwenini usiku. Tangu hapo tume zimeundwa na ripoti zimeandikwa, na neno moja hurudi: wanafunzi hawana njia ya kusema na wakasikilizwa.

Mwalimu anayejua kusikiliza ni mzima moto anayefika kabla ya moto. Nayo kazi hiyo hufundishika. Yaweza kuwekwa katika ratiba ya chuo, ikapewa saa zake na kutahiniwa. Cheti cha P1 kimekwisha kuipisha diploma, na mtaala wa vyuo umeandikwa upya. Basi tunaomba kwamba usalama na usikilizaji visibaki kuwa mhadhara wa mchana mmoja wa Ijumaa.

SOMO LA MAAFA

Somo la tatu ni changa kwetu. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, na watu 272 wakazama karibu na pwani mbele ya macho ya waliosimama ufuoni. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ndizo zilizosababisha kuundwa kwa kituo cha taifa cha kushughulikia maafa, Januari 1998. Miezi 7 baadaye, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu 213, nchi ilitambua tena jinsi tulivyokuwa wachanga. Raia walichimbua vifusi kwa mikono, kwa ushujaa mkubwa, huku tukingoja waokoaji wenye vifaa kutoka ng'ambo. Hivi leo vipo vyuo vinavyofundisha somo hili hadi ngazi ya shahada, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro huko Kakamega kikiwa mfano. Tunavipongeza.

Somo lenyewe lina msingi mmoja unaopaswa kujulikana na kila mkulima na kila mchungaji. Hatari ni kitu kimoja, na maafa ni kitu kingine. Mvua kubwa ni hatari. Huwa maafa inapokuta nyumba zilizojengwa mkondoni mwa mto. Moto ni hatari, na huwa maafa unapokuta kufuli. Kati ya hatari na maafa pana udhaifu, na udhaifu hutengenezwa na watu, kwa hiyo watu waweza kuuondoa. Anayesema kwamba maafa yote ni mapenzi ya Mungu anamsingizia Mungu kazi ya fundi wa kufuli.

Hatua za kazi hiyo ni nne: kuzuia, kujiandaa, kukabiliana, na kurejesha maisha. Nchi yetu hujulikana zaidi kwa hatua ya tatu. Viongozi hufika kwa helikopta, rambirambi hutolewa, blanketi na unga hugawanywa, tume huundwa. Kisha kimya. Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 wakaungua. Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli ilivuja ikaingia mtaroni, watu wakachota, na zaidi ya 100 wakaungua. Wa Sinai walikuwa wamesikia habari za Sachangwan. Kusikia pekee hakumtoshi mtu ambaye ndoo moja ya petroli ni zaidi ya kipato chake cha siku nyingi. Hapo mwanafunzi wa maafa hana budi kubisha mlango wa mwenzake wa uchumi, na wote wawili wamwite mwalimu.

FUNZO LA YUSUFU

Ndugu zetu wa kanisa wanajua habari za Yusufu katika nchi ya Misri. Huyo ndiye mtu aliyeyashika masomo yote matatu kwa mkono mmoja. Aliyasoma majira yajayo na kuonya. Alipanga sehemu ya tano ya mavuno iwekwe ghalani katika miaka 7 ya neema. Akasimamia ugawaji wakati wa miaka 7 ya njaa, na watu wakaishi. Mahubiri mengi huishia hapo.

Lakini someni mbele kidogo. Njaa iliporefuka watu walitoa fedha zao zote kwa nafaka, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwishoni miili yao, wakawa watumishi wa Farao. Ghala lilijazwa kwa jasho lao, na ufunguo ukawa mkononi mwa mwingine. Maarifa yaliwaokoa na mauti, na yaleyale, yaliposhikwa na wachache bila kuulizwa, yakawaondolea uhuru.

Nasi tuna ghala la taifa la mahindi, na tunaikumbuka kashfa ya mahindi ya mwaka 2009, wakati mamilioni ya Wakenya walipokuwa na njaa. Kwa hiyo hatuombi wataalamu zaidi tu. Twaomba wataalamu wanaofundisha wanalolijua, na wananchi wanaouliza ufunguo uko wapi.

WANANCHI WAWEZA KUJIFUNZA

Pengine mtu atasema mambo haya ni magumu, mwananchi wa kawaida hawezi. Tumkumbushe mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipowasilishwa, vijana waliuchukua kifungu baada ya kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama: mkate utatozwa ushuru wa asilimia 16, mwenye gari atalipa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Watu ambao hawajapita mbele ya lango la chuo kikuu walijadili kodi katika matatu na katika saluni. Tarehe 25 Juni damu ilimwagika, na twawaombea waliokufa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Lilikuwa darasa kubwa la uchumi, na halikuwa na ada wala cheti.

Aliyeweza kusoma mswada wa fedha wa taifa aweza kusoma bajeti ya shule moja.

TUNAYOYAOMBA, NA TUTAKAYOYAFANYA

Kwa vyuo twaomba mambo matatu. Mwanafunzi wa ualimu asipewe diploma wala shahada bila kuongoza, mbele ya mtahini, zoezi moja kamili la kuwatoa watoto na kuwahesabu. Mwanafunzi wa uchumi, kabla ya kuhitimu, apewe bajeti halisi ya shule au ya zahanati aichambue, kisha aielezee kwa lugha nyepesi mbele ya wenye shule hiyo. Mwanafunzi wa usimamizi wa maafa apelekwe mazoezini vijijini na mashuleni, na asiishie katika ofisi za mashirika na makao makuu ya kaunti.

Kwa serikali twaomba jambo moja: matokeo ya ukaguzi wa usalama wa kila shule yabandikwe langoni, mahali mzazi anaposoma tangazo la karo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa mwaka 2016. Habari ya kwamba mtoto wako analala nyuma ya kufuli si siri ya dola.

Lakini tusiishie kuomba, kwa maana ndugu zetu wa kanisa hawajakaa nje ya lango wakichungulia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliweka katika bodi ya shule ya umma wawakilishi sita wa wazazi na watatu wa mfadhili, na wafadhili wa shule nyingi za nchi hii ni makanisa. Viti hivyo ni vyetu. Tumezoea kuvitumia kumchagua kasisi wa shule na kuuliza juu ya ibada. Tuvitumie pia kuuliza juu ya bawaba za milango.

Basi kazi yenyewe ni hii, nayo yaweza kuanza wiki hii. Katika kila parokia na kila tawi wachaguliwe watu watatu: mwalimu mmoja, hata kama amestaafu, kijana mmoja aliyesoma hesabu au biashara, na mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza. Waende shuleni kwa adabu, wamwone mwalimu mkuu, waombe kutembezwa bwenini. Wachukue utepe wa kupimia. Wapime kati ya kitanda na kitanda. Wausukume kila mlango kwa bega na kuona unakwenda upande gani. Watazame madirisha. Waulize funguo hulala wapi na kwa nani. Waombe kuonyeshwa tarehe ya zoezi la mwisho la kutoka usiku. Wahesabu watoto na vitanda. Kisha wayaandike yote katika karatasi moja, nakala wampe mwalimu mkuu, nakala waipeleke katika bodi, na nakala isomwe mbele ya wazazi.

Tunawasihi waende bila vitisho na bila kamera za kuaibisha. Walimu wakuu wengi wameomba fedha za marekebisho kwa miaka mingi bila kupata mtu wa kuwaunga mkono. Karatasi hiyo itakuwa silaha mikononi mwao pia. Na pale ambapo bodi itasema hakuna fedha, mwombe kuiona bajeti, mkae nayo, mtafute kilichotangulizwa mbele ya uhai wa mtoto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga makaburi.

Ndugu zetu, mageuzi ya vyama na ya Katiba yalipiganiwa ili mwananchi apate kuuliza swali bila kuogopa. Haki ya kuuliza tulikwisha kuipata, kwa gharama kubwa. Sasa tujifunze maswali. Katika nchi hii usiku huu watoto watalala katika mabweni yanayofungwa kwa kufuli, na mahali pengine msumeno wa chuma na mchana mmoja wa kazi vyatosha kuondoa vyuma vya madirisha yote. Ufunguo u mikononi mwa mtu mzima fulani, naye ana jina, na shule yake ina bodi, na katika bodi hiyo mna viti vyetu.

Mungu awalinde watoto wa nchi hii, nasi atupe akili na bidii ya kuwalinda pamoja naye.